Bibi Nyoosha na Ugonjwa Aliopewa

Hakuna aliyekumbuka nani alianza kumwita Bibi Nyoosha, lakini sababu ilijulikana na kila mtu. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa dobi wa mtaa ule, na ukiona suruali inapita barabarani mstari wake umesimama toka kiunoni hadi kwenye kiatu, ujue imepitia mikononi mwake kwanza. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mkono wa kulia ulioshiba kuliko wa kushoto kwa ajili ya kubeba pasi ya mkaa, na akitembea alielemea upande mmoja kidogo, kama mtu anayetega sikio kwa jirani.

Kazi aliianza na blanketi. Mumewe alikuwa mpagazi wa ghala. Siku alipoangukiwa na magunia alimwachia watoto wawili, kitanda, na blanketi moja la kijivu. Akaung'oa mlango wa chumba, akaulaza juu ya mapipa mawili, akautandika lile blanketi, akaazima pasi. Majirani walipomuuliza iweje mwanamke alale chumba kisicho na mlango, aliwajibu, "Aliyekuwa akinifungia ameshakwenda. Sasa na mlango nao ufanye kazi, kama mimi."

Daftari hakuwa nalo. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, mishono midogo ya uzi ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali, mahali pasipoonekana. Karani wa mahakama alikuwa na mishono miwili myekundu na mmoja mweupe. Mwenye duka alikuwa na mitatu ya kijani. Mtoto akioa na kuanza nyumba yake, Bibi alichukua alama ya baba akaiongezea mshono mmoja, hivyo walikuwapo vijana mtaani waliovaa ukoo wao mzima shingoni bila kujua.

"Nguo haijui kunyamaza," alizoea kusema. Alijua nani amekonda kwa pale mkanda ulipohamia. Alijua nani ameachishwa kazi kwa wino uliokoma kuchafua mkono wa shati, wiki kadhaa kabla mke wa mtu huyo hajaambiwa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Yeye aliongeza kwamba ya aliye hai aijuaye dobi, na kama mwosha, hakusema. Kifungo kilicholegea alikikaza. Mfuko uliotoboka aliushona. Mwenyewe aliuchukua mzigo wake akaenda zake, asijue kwamba ametazamwa na kuhurumiwa na kurekebishwa.

Mwanawe wa kiume alisoma kwa pasi hiyo akawa mpima ardhi. Alipojenga nyumba, kitu cha kwanza alichokipima kilikuwa baraza ya mama yake: iwe na kivuli tangu saa nne, iwe na upepo usiopeperusha majivu. Hakumwonea mama yake haya hata siku moja. Wenzake wa ofisini walipomtania kwamba bosi mzima mama yake anapiga pasi, alisema, "Nanyi mbona mnakuja kazini mmenyooka? Mnadhani mmezaliwa hivyo?"

Mke wake alikuwa mwalimu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, Mwalimu. Alitoka katika ukoo wa watu waliosoma, ambao picha zao za mahafali zilijaa ukutani mpaka saa ikakosa pa kuning'inia. Hakuwa mkwe mbaya. Kwa miaka ishirini na sita alimwamkia mavyaa wake kila asubuhi kwa kupiga magoti, alimpikia akiugua, na hakumjibu vibaya. Lakini mumewe alipofariki, yeye akiwa tayari mkuu wa shule ya wasichana, Mwalimu alianza kuona kwamba jina la nyumba ile limebaki mikononi mwake peke yake, kama trei ya gilasi mtu anayopita nayo katikati ya watoto. Kila jicho la mpita njia aliliona linatazama barazani, kwenye ule mlango juu ya mapipa, kwenye moshi.

Kisha wakaja wageni.

Binti yake Mwalimu alikuwa amepata mchumba, na mama wa kijana, mke wa daktari, alitaka kuja kuwafahamu. Saa waliyopatana ilikuwa kumi jioni. Mgeni akafika saa tisa, na dada yake, ndani ya gari lililong'aa. Bibi Nyoosha alikuwa barazani, amejifunga shuka kuukuu kiunoni, jasho linamtiririka. Mke wa daktari alivua koti lake la hariri, lililojikunja kwa kukaliwa safarini, akalitupa juu ya meza.

"Dobi, hebu ninyooshee hili haraka. Halafu niitie mwenye nyumba."

"Karibu, mwanangu," Bibi alisema, akilishika koti kwa ncha za vidole. "Mwenye nyumba yupo. Na hili halitaki haraka, litaungua."

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni na alisikia yote. Ilikuwa ni kusema maneno matatu tu: huyu ni mama. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kilikuwa, "Karibuni, karibuni ndani."

Chai ilipokuwa mezani, Bibi aliingia na koti juu ya kiango cha nguo, limetulia kama limetoka dukani. Mke wa daktari akaligeuza huku na huku, akastaajabu. "Mmebahatika," akamwambia Mwalimu. "Madobi wa namna hii wamekwisha. Amekaa kwenu siku nyingi?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

Bibi aliisikia hiyo ndiyo. Akatabasamu kwa wageni, akarudi barazani, akaendelea na kazi.

Jioni, sahani zilipokwisha kuoshwa, alisema tu, "Wageni wako wana adabu. Koti limeshonwa na fundi anayejua kazi. Ila kwapa la kushoto limefumuliwa likaongezwa. Amenenepa karibuni, na hapendi ijulikane."

Siku nyingine Mwalimu angecheka. Siku hiyo alisema, "Mama, nadhani sasa upumzike."

"Nikichoka nitapumzika."

"Umefanya kazi maisha yako yote. Una miaka sabini na minne. Watu watasema mkwe ana kazi nzuri, ana nyumba, na bado mama wa marehemu anapiga pasi nguo za watu. Watasema nimekutelekeza."

"Watu gani?"

"Watu, Mama. Walimwengu."

"Walimwengu suruali zao ninazo mimi," alisema Bibi. "Wakisema sana nitazinyoosha mstari ukae pembeni."

Mwalimu akajaribu njia nyingine. Alimwambia angempa kila alichohitaji, asikose kitu. Bibi akatikisa kichwa.

"Najua utanipa. Lakini mtu akifiwa hapa mtaani, naenda na changu mkononi. Nikitaka kumnunulia mjukuu kiatu, sipiti mlangoni kwako kwanza. Unanielewa, Mwalimu? Kula sio tatizo. Hata paka analishwa."

Maneno yakaishia hapo. Mwezi haukwisha, binti wa Bibi Nyoosha, wifi yake Mwalimu aliyeishi mji wa pili, akaleta habari kwamba mwanawe amejifungua pacha. Bibi akafunga kifurushi, akaenda kusaidia kwa wiki tatu. Nguo zilizokuwa tayari alizipanga rafuni barazani, kila nyumba na fungu lake. "Wakija wape," alimwagiza Mwalimu. "Waambie Jumatatu ya tatu nipo."

Wa kwanza kuja alikuwa karani wa mahakama. Alipokea mashati yake, akauliza, "Na Bibi anarudi lini? Nina suti ya kikao."

Ni kweli kwamba Mwalimu hakuwa amepanga. Alikuwa amesimama na fungu la nguo mkononi, mkuu wa shule, kama karani wa dobi, na maneno yakamtoka yenyewe, laini, yamepangika.

"Mama harudi tena kwenye pasi. Ameanza kusahau. Daktari ameshauri asikae karibu na moto."

Karani akavua kofia. "Lo. Bibi Nyoosha?"

"Ndio uzee. Tunamshukuru Mungu kwa alipofika."

"Na wewe, Mwalimu, pole. Kuuguza mgonjwa wa namna hiyo si mchezo. Marehemu angekuwapo angekushukuru."

Alipoondoka, Mwalimu alibaki barazani akistaajabia jinsi neno moja lilivyomaliza kila kitu. Hakuna ambaye angesema amemkataza mama kazi kwa kuona haya. Hakuna ambaye angesema amemtelekeza. Mama mgonjwa anayetunzwa na mkwe ni sifa kwa nyumba. Basi wa pili alipokuja, akaambiwa hivyo hivyo, na wa tatu, na kila mmoja aliondoka akitikisa kichwa na kumwombea Mwalimu nguvu. Mpaka fungu la mwisho lilipochukuliwa, Mwalimu mwenyewe aliisimulia habari hiyo kwa sauti ya mtu anayesikitika kwelikweli. Pasi akampa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni. Ule mlango ukakatwa kuni. Barazani akaweka viti viwili vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe, na vyungu vya maua.

Bibi alirudi Jumamosi. Alisimama mbele ya vyungu, kifurushi kichwani.

"Pasi yangu iko wapi?"

"Nimeitoa, Mama. Ilikuwa imechakaa mno."

"Na meza?"

Mwalimu akamsogezea kiti. Bibi akaketi kwenye kiti cheupe, akajiegemeza, akainuka tena. "Kiti hiki kinakaliwa na nani? Kimetengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha." Akaingia ndani na kifurushi chake. Mwalimu alidhani vita imekwisha bila kupiganwa.

Jumanne asubuhi Bibi Nyoosha alikwenda dukani kununua pasi. Zilikuwa zikining'inia juu ya kaunta, tatu, kwenye ndoano. Dukani walikuwamo watu wanne watano. Mwenye duka alipomwona alipunguza redio, akainama juu ya kaunta, akasema kwa sauti kubwa, polepole, kama anayemsemesha mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Bibi. Hujambo. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu. Kuna nini, umekuwa kiziwi? Nishushie hiyo pasi ya katikati."

"Pasi hatuuzi leo, Bibi."

"Hiyo hapo imekosa nini?"

Mwenye duka akawatazama wengine. "Bibi, unanijua mimi nani?"

"Wewe ni mishono mitatu ya kijani," alisema Bibi.

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja akaguna kwa huruma.

"Na leo ni siku gani, Bibi yangu?"

"Ni Jumanne, na suruali yako ya Jumanne imefumuka nyuma, ila nilifikiri unajua."

Duka zima likacheka, na mwenye duka naye akacheka huku akijipapasa. Kisha yule mwanamke akasema taratibu, "Leo ana nafuu, masikini." Na mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta, akamshika Bibi mkono, akamtoa nje kwa upole mkubwa. "Nenda nyumbani, Bibi. Mwalimu ametuambia. Mambo ya moto sasa basi. Usimtese, anakupenda yule."

Hapo ndipo alipojua. Alirudi kwa njia ndefu, akipitia nyumba za wateja wake mmoja baada ya mwingine. Kila mlango ulifunguliwa kwa tabasamu lile lile na sauti ile ile kubwa. Alipojibu kwa akili aliambiwa leo ana nafuu. Alipokasirika kidogo, kwa yule wa mlango wa nne, mtu yule akamwita mkewe aje, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba hasira ni dalili.

Mwalimu aliporudi kutoka shuleni alimkuta amekaa jikoni, mikono juu ya meza.

"Kaa," alisema Bibi. Mwalimu akakaa. "Nitajie kitu kimoja nilichosahau."

"Mama, watu wanaongeza maneno."

"Kimoja tu. Ili na mimi nikijue. Mtu akiumwa si anaambiwa anaumwa nini?"

Mwalimu akajaribu kusema habari ya moto, ya umri, ya mkono uliokuwa ukitetemeka. Bibi akamwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Ungeniambia tu kwamba unaniona haya," alisema. "Ningeuma meno, lakini ningekuelewa. Niliona tangu siku ya lile koti. Ungeniambia, ningehamisha meza nikaiweka uani, wageni wako wasinione. Sasa umenitoa akili. Nikisema kweli ni kichaa, nikinyamaza ni kichaa. Nitasimama wapi?"

Mwalimu akalia. Bibi hakumkataza wala hakumbembeleza.

"Nataka jambo moja," alisema alipoona machozi yamepungua. "Uzunguke milango ile ile, useme ulidanganya."

"Nitakwenda, Mama. Ila..." Mwalimu akajifuta uso. "Harusi ya mjukuu wako imebaki miezi miwili. Nikienda sasa, habari itafika kwa wakwe kesho yake. Watasema tumetoka nyumba ya waongo. Acha harusi ipite. Siku ya pili yake nakwenda, nakuapia."

Bibi alimpenda mjukuu wake, na hilo Mwalimu alilijua alipolisema.

"Haya. Miezi miwili. Kusubiri sijasahau."

Akasubiri. Lakini kusubiri bila kazi ni kazi ambayo hakuwahi kujifunza. Wiki ya kwanza alipanga kabati zote za nyumba. Wiki ya pili alizipanga tena. Mtaani aliacha kutoka, kwa sababu hakuweza kufika kona bila mtu kumshika mkono na kumuuliza anakwenda wapi. Mtaa ukafiwa na mzee mmoja, mteja wake wa tangu zamani, na Bibi akapewa kiti ndani, mbali na wenzake waliokuwa wakihangaika jikoni, na mtoto wa miaka tisa akawekwa karibu naye amwangalie. Mwalimu alimwekea fedha kwenye bahasha, chini ya mto. Bahasha ilibaki pale pale mpaka shuka zilipobadilishwa.

Siku ya harusi Bibi alikaa mstari wa mbele na gauni jipya la rangi ya zambarau. Alipendeza. Mke wa daktari alikuja kuwasalimu wazee, akafika mbele yake, akasita.

"Huyu mama nimemwona mahali," akamwambia Mwalimu. Akafikiri, uso ukambadilika. "Siye yule..."

Mwalimu alikuwa na nafasi ya pili, na hii ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, maana harusi ilikuwa imeshafungwa. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na walimu wake wote walikuwapo.

"Ni mama mzazi wa marehemu mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Akili imemchoka. Siku zile alikuwa akipenda kushikashika pasi, tukawa tunamwachia tu, ajisikie yuko kazini."

"Ooh," alisema mke wa daktari, akamwinamia Bibi, akambusu shavuni. "Mmemtunza vizuri sana."

Bibi alikuwa umbali wa mkono mmoja. Alimtazama Mwalimu, kisha akatazama mbele, walipokaa maharusi.

Kuanzia kesho yake alianza kusahau.

"Mama, utakunywa chai?"

"Sikumbuki kama nakunywa chai."

"Mama, umeoga?"

"Hebu niambie wewe. Nyinyi ndio mnaojua."

Mwalimu alidhani ni hasira, itapita. Siku ya nne alimkuta amevaa gauni nje ndani. Alimuuliza kama amefanya makusudi, na Bibi akasema kwa utulivu, "Hata mimi sijui tena, mwanangu. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja." Mwalimu akamtazama machoni, akitafuta ule mzaha wa zamani, na hakuweza kusema kama upo au haupo. Hofu aliyoipata siku hiyo hakuwahi kuipata hata mbele ya jeneza la mumewe. Akavaa viatu, akatoka kuzunguka milango.

Alianza kwa karani wa mahakama. Hakuzungusha maneno. Alisema alidanganya, kwamba mama hakuwa na ugonjwa wowote, kwamba yeye aliona haya mbele ya wageni na akatafuta njia ya kumwondoa kwenye pasi.

Karani alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kama anavyosikiliza mahakamani. Kisha akasema, "Mwalimu, tunakuelewa. Mkwe mwema husitiri."

"Simsitiri. Nasema kweli."

"Hata mama yangu mimi, siku za mwisho, nilikuwa nawaambia watu hajambo kabisa. Mtu unataka aheshimiwe kama zamani. Si dhambi." Akamsindikiza mpaka mlangoni. "Usijilaumu. Mtaa mzima unakusifu."

Mwenye duka alisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Wa tatu alilia naye. Kwa miaka yote Mwalimu alikuwa amelijenga jina lake kuwa la mtu asiyesema uongo, na sasa jina hilo lilisimama mlangoni kila alipobisha, likamzuia kuingia. Hakuna aliyeweza kuamini kwamba mtu kama yeye angefanya jambo kama lile. Alizunguka nyumba kumi na moja kwa siku tatu. Akarudi amepewa pole kumi na moja.

Wifi yake alipofika kumwona mama, Mwalimu alimweleza naye, jikoni, mlango umefungwa. Wifi aliamini papo hapo.

"Mimi nakujua," alisema. "Hao wanajua cheo na miwani yako. Mimi nakujua ulivyomkataza kaka asile kwa mkono mbele ya wageni." Akaendelea kumenya viazi. "Umetuzikia mama akiwa hai, wifi. Na kaburi umelipanda maua barazani."

Mwalimu alinunua pasi mpya. Alimwita seremala atengeneze meza, akaviondoa viti na vyungu. Alimletea Bibi magauni yake mwenyewe, na mapazia ya ukumbi wa shule. Bibi aliyanyoosha yote, na mkono wake haukuwa umesahau mkunjo hata mmoja. Na Bibi wa zamani akarudi kidogo kidogo, akaanza kuvaa gauni upande wake, akaanza kuulizia habari za pacha. Lakini mapazia si wateja. Kila Jumatatu alikaa nyuma ya meza na makaa yamewaka, akitazama barabara, na watu walipita wakimpungia mkono kwa furaha, jinsi mtu anavyompungia mtoto anayecheza duka bila bidhaa.

Mwalimu alirudi kwa karani, akambembeleza alete nguo. Si kwa kuamini, alimwambia, hata kwa kunihurumia mimi tu. Na Jumatatu iliyofuata karani alileta shati.

Bibi alilikunjua juu ya meza. Macho yalimwangaza. Akaligeuza kola, akapitisha kidole mgongoni, akalinusa. Kisha akalikunja taratibu, bila kuligusisha pasi, akampa Mwalimu.

"Mrudishie."

"Mama, ni mteja. Amekuja mwenyewe."

"Hili ni shati la kufutia baiskeli. Limeoshwa jana ili liletwe hapa, likiungua lisimuumize mtu." Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyoelezwa mtu njia. "Siwezi kunyoosha sadaka. Mwambie nasema asante."

Mwalimu alilipeleka. Karani mwenyewe ndiye aliyefungua. Aliliona shati halijanyooshwa, akasema, "Pole, Mwalimu. Tulijua litamshinda."

"Halikumshinda. Amesema ni la kufutia baiskeli."

Karani akalishika lile shati kwa mikono miwili. Masikio yakamwiva. Kwa mara ya kwanza Mwalimu aliona ameaminika, na akaona pia kwamba imani hiyo ilimtia mtu yule aibu kubwa kuliko alivyoweza kuibeba. "Wiki ijayo nitaleta suti," alisema karani, akitazama chini. "Suti kabisa."

Bibi aliwasha makaa wiki iliyofuata, na ile ya baada yake. Karani alibadilisha njia ya kwenda kazini, akawa anapita nyuma ya soko. Miezi kadhaa baadaye Bibi aliacha kuwasha, akasema moshi unamkereketa. Alikaa barazani na mikono yake mapajani, wa kulia juu ya wa kushoto. Alifariki mwaka uliofuata, mchana, akiwa na akili zake timamu. Siku ile ile asubuhi alimwambia Mwalimu kwamba sketi yake imepinda pindo.

Mazishini watu walikuwa wengi. Karani wa mahakama alisimama kusema kwa niaba ya mtaa. Alisema Bibi Nyoosha alikuwa dobi ambaye hatapatikana tena, na kwamba alipofika katika udhaifu wa uzee alipata mkwe mmoja katika elfu, aliyemsitiri mpaka siku ya mwisho hata kwa watu waliojua. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Wengine wakageuka kumtazama Mwalimu kwa macho yaliyojaa heshima.

Mwalimu akainuka. Maneno alikuwa nayo, yote, na safari hii mbele ya kila mtu. Wifi yake, aliyekaa karibu naye, akaishika sketi yake akaivuta chini.

"Kaa, wifi," alimnong'oneza. "Leo ni siku ya mama."

Mwalimu akakaa.